Kiganja cha Bi Nyamvula

Aliingia dukani saa nne, kipupwe kimempasua midomo,
akaulaza mkono juu ya kioo cha kaunta
kama mtu anayeweka rehani.
"Tazama. Huu si mkono, ni kumbi."

Jina la mvua, nikawaza, na ngozi ya kiangazi.
Miaka ishirini na sita kwenye korona, Kigombe,
akipokea singa mbichi, utomvu ukimwasha
mpaka viwikoni.

Mafuta ya mgando nimemuuzia mara ngapi?
Yanang'aa hadi adhuhuri, kisha nyufa hurudi
kama wapangaji wenye ufunguo.

Leo nikashusha tyubu nyeupe ya rafu ya juu,
nikamsomea herufi ndogo kama mayai ya chawa:
glisini, alanini, aginini, serini.
"Hao watoto wa nani?
Serini zuri. Ningemwita mjukuu."

Ni asidi amino, mama.
Akavuta mkono. Asidi anaijua,
iko ndani ya betri, ilimtoboa shemeji yake suruali.

Hii haichomi, nikasema. Ni vipande vya protini,
punje zilezile za kunde ulizokula jana.
Mafuta ni kifuniko cha mtungi tu.
Hizi ndizo zinazoyashika maji yenyewe.

"Na ngozi yangu haina zake?"

Inazo. Hapo nikakwama,
maana jibu lake si la kaunta:
kwamba seli za juu, zikifa,
huvunjavunja protini zao
punje kwa punje,
ili zilizo hai chini yake zisikauke.
Kwamba sabuni, na maji ya korona,
huzisomba kabla hazijamaliza kazi.

Nilisema nusu yake.
Akakitazama kiganja kama anayesoma risiti.
"Basi zangu zimekufa bure."

Bei: elfu kumi na nane na mia tano.
Alicheka mpaka fundi cherehani wa ng'ambo
akasimamisha mashine.
Nikampa ile ya kujaribia, iliyobaki nusu.
Nawa kwanza, usijifute sana,
paka kungali na unyevu, kiasi cha punje ya choroko.

"Nitapaka wa kulia tu," akasema.
"Wa kushoto uwe shahidi."

Jumatano akarudi, barabara ya kumi na nne nzima vumbi,
akasimama mlangoni,
mikono yote miwili nyuma ya mgongo,
kama mtoto aliyeficha peremende.
"Chagua."