Patipati ya Kushoto

Kwanza karatasi.
Baba alizileta kutoka kiwandani, pale Webuye,
vipande vilivyokataliwa na mashine,
vyenye harufu ile ya mayai viza
ambayo mgeni aliziba pua nayo
na sisi tuliiita hewa.
Nelima akakata, mimi nikagandisha kwa uji wa ngano
(gundi ya dukani ilikuwa ya watu wa dukani),
pete ndani ya pete, pete ndani ya pete,
mpaka karatasi ikatuishia katikati ya dari.

Nelima akanitazama.
Kisha akalitazama daftari langu la hesabu.

Ndivyo nne-kwa-kumi yangu ilivyopanda juu,
na wino mwekundu wa Mwalimu Makokha,
Rudia. Rudia. Umelala?
ukaning'inia juu ya meza ya chakula hadi Januari.
Kila aliyeinua shingo alisoma.
Shangazi Kakai alisoma kwa sauti.

Mama alioka bila oveni.
Sufuria kubwa, mchanga wa Nzoia chini yake,
sufuria ndogo ndani, imepakwa majarini
kwa karatasi ile ile iliyofungia majarini,
maganda ya limau yaliyokunwa kwa kopo
tulilolitoboa kwa misumari,
mayai matano, na la sita
tulimdai kuku, kuku akakataa.
Kifuniko. Makaa juu ya kifuniko.
Moto chini, moto juu, keki katikati
kama mtu aliyezungukwa na wakwe.

"Asikimbie mtu humu ndani," akasema.
"Keki ikishtuka hulala,
na ikilala haiamki."
Tukatembea kwa ncha za vidole.
Hata mbuzi wa jirani tulimsihi.

Sikuku, aliyezaliwa siku ya sikukuu
akapewa jina bila mtu kuumiza kichwa,
alikuwa nyuma ya nyumba na waya wake.
Aliunyoosha kwa jiwe, akaupinda kwa meno,
akaunda lori: kichwa cha mkebe wa mafuta,
taa za vifuniko vya soda,
usukani mrefu wa kumfika kifuani.
Kila kitu kilikuwepo isipokuwa magurudumu.
Alijaribu magunzi, yakavunjika.
Alijaribu viazi, mbuzi akavila.
Basi akaingia chumbani kwa ncha za vidole,
kama alivyoagizwa,
akatoka na patipati ya Baba, ya kushoto.
Ya kulia hakuigusa.
Hiyo, alituambia, ndiyo heshima.

Baba alirudi asubuhi kutoka zamu ya usiku,
miguu imevimba ndani ya buti za kiwanda.
Akavua. Akapapasa chini ya kitanda.
Akapapasa tena.
Tulisikia makaa yakipoa.

Akatoka uani, mguu mmoja umevaa, mmoja mtupu,
akaliona lori.
Akaliinua, akaligeuza, akalipuliza vumbi.
Gurudumu la nyuma lilikuwa jembamba upande mmoja,
pale kisigino chake kilipokula mpira
mwaka mzima kati ya kitanda na choo,
kwa hiyo lori lilichechemea
vile vile alivyochechemea mwenyewe akichoka.
Alilisukuma hatua tano. Akalitazama likiyumba.
Sikuku alikuwa ameshachagua njia ya kukimbilia.

"Ekseli imepinda," Baba akasema.
"Lete koleo."

Keki iliungua chini, juu ikapasuka.
Mama akakwangua weusi kwa kisu,
akasema huo ni mgawo wa jiko.
Tulikula chini ya alama zangu.
Na hadi mwisho wa mwezi, mshahara ulipotoka,
usiku tulimsikia Baba akienda kunywa maji:
pa, kimya,
pa, kimya.

Sasa nina oveni ya umeme, hupiga kengele yenyewe.
Wanangu hukimbia humu ndani wanavyotaka.
Keki haishtuki.