Chemba Zilizopakwa Chokaa

Saa nane usiku, Ilazo. Umeme umeondoka na feni,
betri ya kompyuta imebaki asilimia thelathini na moja,
na mfumo wangu wa ushirika wa Mpunguzi unasema uongo:
kreti tisa za zabibu za Bi Mbeyu
zimepungua kilo nne kati ya mzani na risiti.

Mwezi wa pili haikuwa hivi.
Tangu hapo kuna hatua mia mbili arobaini,
nimeziandika mimi, au Ndahani, au sote tukigombana.
Dawa naijua: gawa katikati, uliza.
Nzima? Songa mbele. Mbovu? Rudi nyuma.
Maswali manane, mwizi yumo mkononi.

La kwanza, nzima. La pili, mbovu.
La tatu, programu haikuwaka kabisa.
Si nzima, si mbovu. Bubu.
Nikaenda kwa jirani yake. Bubu.
Nikasoma nilichokuwa nimeandika juu yao:
“Bado.”
“Bado kidogo.”
“Nahifadhi tu, umeme unakatika.”
“Sasa kweli.” “Sasa kweli kweli.”
“Ndahani usiguse.”
Thelathini na sita za namna hiyo, mfululizo,
wiki ile mwanangu amelazwa General
nami naandika kwenye benchi la wodi,
mkono mmoja kompyuta, mmoja kikombe cha uji.

Nikamkumbuka baba,
fundi bomba, njia ya Mzakwe kuja mjini.
Maji yakipotea hakulifuata bomba zima na jua lile.
Alifungua chemba ya katikati.
Yapo? Basi tundu liko mbele. Hayapo? Liko nyuma.
Ila chemba nyingine zimejaa mchanga,
koki imeng'oka, mbuzi wamezaa humo;
ukizifungua hazikwambii kitu.
Baba hakuzifukia.
Alizipaka chokaa zile tu zenye koki nzima,
na siku ya shida alisimama penye nyeupe,
nyeupe hadi nyeupe, kama mtu avukaye korongo kwa mawe.
Akishajua tundu liko kati ya hii na ile
ndipo akashuka na sururu.

Asubuhi nikamwambia Ndahani:
uchafu wa tawi ubaki kwenye tawi.
Tuandike tunavyoandika, hata nusunusu,
lakini siku ya kurudi shinani tufunge fundo moja
lililowaka, lililopimwa, lenye jina la kueleweka.
Msako upite shinani tu.
“Kwa nini tusizikande zote ziwe moja,” akasema,
“tukasahau?”
Na sururu utaipiga wapi?

Tukarudi nyuma, tukapaka chokaa
kila mahali palipowaka: kumi na tisa.
Maswali manne. Swali la mwisho likaniweka
kati ya nyeupe mbili, katikati ya wiki ile.
Nikashuka kwenye kifusi changu mwenyewe,
nikafukua mstari baada ya mstari,
na tundu hilo hapo, dogo kama jicho la sindano:
nilikata desimali kwanza,
kisha ndiyo nikatoa uzito wa kreti.
Kila kreti imeibiwa gramu zake kimyakimya.

Juu ya hatua ile, kwa herufi ndogo, niliandika:
“homa imeshuka.”

Tumemlipa Bi Mbeyu kilo zake nne.
Ndahani aliuliza kama nisahihishe maneno yale,
maana hayahusu kazi.
Nimeyaacha.