Mbegu Moja, Miche Miwili

Dundee, ghorofa ya tatu, dirisha la kusini.
Limau nililinunua kwa peni thelathini,
nikalikamulia chai. Mbegu moja
ikang'ang'ania ukingo wa kikombe
kama mgeni asiyetaka kuaga.
Nikaizika katika kopo la mtindi.

Wiki ya tano zikachomoza shingo mbili.

Nilidhani nimekosea hesabu.
Bi Elspeth wa ghorofa ya chini,
aliyefundisha elimu ya mimea miaka thelathini na mmoja,
akapanda ngazi na kioo chake cha kukuzia,
akatweta, akakaa, akasema:
mbegu ya mlimau huweza kubeba mimba mbili.
Mche mmoja ni mtoto, wa chavua na ua.
Mwingine hana baba. Umetoka katika nyama ya mama mtupu;
ni mama mwenyewe, amejirudia.

Yupi ni yupi?

Akainua mabega. "Mwenye nguvu, mara nyingi, ndiye mama."

Mara nyingi. Neno hilo nimelala nalo.

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa miiba tu,
mirefu kama sindano za kushonea magunia.
Mlimau wa mbegu hujihami
kabla haujawa na cha kuibiwa.
Jani lake, ukiliinua juani, limejaa vitone vya mwanga,
visima vidogo vya mafuta.
Ukilifikicha, chumba kinakuwa Muheza,
saa nne asubuhi, uwanja umefagiliwa.

Januari nikaugua kifua.
Daktari akasema ni virusi, ninywe maji, nipumzike.
Nikampigia Mama. Mama alitoa dawa kwa mizani,
hata kwa simu, hata salio likikaribia kuisha:

    Chuma majani mazito, si machanga si makavu,
    yachemshe kwenye moto, hadi nyungu iwe povu,
    inama kama kitoto, shukani zifiche mbavu,
    jasho likutoke jito, kifua kipate nguvu.

Nikachuma saba, manne kwa huyu, matatu kwa yule,
nikawaomba radhi wote wawili.
Nikainama. Mvuke ukapanda hadi darini
na kengele ya moshi ikapiga yowe jengo zima.
Majirani wakashuka na nguo za kulalia, barafu nje,
mimi kati yao na shuka kichwani,
natiririka jasho, nanukia achari.
Sikupona siku ile. Nilicheka tu,
na kicheko kikapasua kitu kifuani.

Mama alifariki Machi.
Simu ilinikuta kazini, dobi la hospitali,
mikono ndani ya mashuka ya watu.
Hati zangu zilikuwa bado kwa wenyewe. Sikuzika.

Niliporudi, nilisimama mbele ya dirisha.
Mmoja unanifika kiunoni, majani mazito.
Mwingine mfupi, umepinda, umeegemea kioo
kama anayesubiri mtu barabarani.
Mwenye nguvu ndiye mama, mara nyingi.
Nikamwagilia ule mfupi kwanza.
Usiniulize.

Mwaka wa tisa, ni huo mfupi uliochanua.
Matumba ya zambarau kwa nje, yakifunguka meupe,
harufu mpaka kwenye ngazi.
Nyuki hawapandi ghorofa ya tatu.
Bi Elspeth akaleta brashi ya rangi, nywele tano tu,
mkono ukimtetemeka, akabeba vumbi la njano
kutoka ua hadi ua, akinong'ona kama anayesoma dua
ambayo hakufundishwa.

Likafunga tunda moja. Miezi minane kulifikisha njano.

Leo yeye ndiye anayekohoa.
Nimemchukulia kisu, asali, maji ya moto.
Limau limekatika kwa sauti ndogo, kama ulimi ukigusa kaakaa.
Anakunywa, anakunja uso, anadai lililobaki.

Mbegu ninazo kiganjani. Nane.
Nimezihesabu mara tatu,
na bado sijui nimeshika wangapi.