Mshono wa Arobaini na Moja

Tuliuchimba mteremko mpaka ukaonyesha mbavu,
nje kidogo ya Osorno, mvua imekaa nasi
kama mgeni aliyekwisha kuletewa kiti.
Kisha mfinyanzi: tabaka la shibiri moja, rola juu yake,
tabaka jingine, rola tena,
mpaka kisigino changu kikaacha alama
ndogo kama ukucha.

Ikaja plastiki nyeusi, unene wa sarafu.
Nibaldo Oyarzún akaipigia magoti
na mashine yake ya moto, akashona bila uzi
mistari miwili sambamba,
katikati yake mfereji mwembamba wa hewa.

Hapo ndipo zamu yangu.
Nachoma sindano, najaza upepo, naziba ncha,
naikodolea geji dakika tano.
Mishono arobaini, mshale ulisimama kama askari.

Wa arobaini na moja ukashuka.

Tukaupaka povu la sabuni, tukatambaa
mpaka taa zikawashwa.
Kitundu ambacho hata chawa asingeenea
kikapuliza kiputo kimoja.
Kijiwe, akasema Nibaldo. Cha kwenye soli.
Akatazama buti zake. Safi.
Hakutazama zangu.

Mtupa jongoo hutupa na mti wake.
Baba yangu alitupa hivyo: gunia, korongo, basi.
Alisema mto unasahau.
Nami niliunywa mto huo miaka kumi na minane.

Nibaldo akachoma kiraka cha duara.
Juu tukatandika kitambaa, na kokoto,
na mabomba yaliyotobolewa makusudi,
maana taka hulia,
na machozi yake yasifike kisimani kwa mtu.

Leo lori la kwanza limeshuka.
Siku za mwanzo ni taka laini tu:
si nondo, si mguu wa kiti, si chochote chenye ncha.
Zikamwagika nepi, mapazia, maganda ya viazi,
dubu wa kitambaa asiye na sikio.
Dereva akacheka: Mnalaza mtoto?

Jioni tukafunika kwa udongo.
Ndivyo itakavyokuwa kila jioni, miaka ishirini na zaidi,
ndipo mabomba ya gesi, ndipo kifuniko, ndipo nyasi,
na mwenye ng'ombe fulani atashangaa
kilima hiki kilitoka wapi.

Daftarini nimeandika: mshono 41, umezibwa,
umepimwa upya, presha haikushuka.
Chanzo: kijiwe.
Buti la nani, sikuandika.