Kila Tako Lina Zamu

Miye fundi cherehani, miaka kumi nashona,
Kanzu za Wete mjini, za wazee na vijana,
Kutwa nipo kibaoni, hata kunyanyuka sina,
Siku moja nikaona, chooni tone la damu.

Nikaficha ile siri, kwa mke wangu nyumbani,
Nikahisi ni hatari, saratani ya tumboni,
Barazani kwa Nasiri, kwa kahawa ya jioni,
Wakanicheka wandani: "Kila tako lina zamu!"

Time kafua saruni, akaliona la siri,
Kanikokota njiani, kwa tabibu Bi Jokhari,
Kanipima faraghani, kasema: "Ni bawasiri,
Ni mishipa, siyo shari, imevimba, haidumu."

Kumbe si jiwe la moto, nililokalia lile,
Ni choo kama kokoto, kusukuma siku zile,
Hata mwenye mimba nzito, humpata vilevile,
Na kutwa kibao kile, kukikalia ni sumu.

"Haja usiipuuze, hata ukiwa na pindo,
Chooni usijikaze, si pambano la kishindo,
Papai likulegeze, kisamvu kiwe mtindo,
Nyanyuka kila upindo, kiti kisiwe hukumu.

"Maji yawe vuguvugu, beseni ukikalia,
Usinunue magugu, sokoni wakikwambia,
Damu ikizidi, ndugu, ama maumivu pia,
Rudi, tutaangalia, aibu siyo muhimu."

Juzi hapo barazani, Nasiri kakaa kombo,
Sikucheka asilani, nilijua lile jambo,
Nikamwita pembezoni, sikumpa hata fumbo:
"Kesho twende, shusha tambo, nami nilitoka damu."