Kata Mabehewa

Nimeiweka saa ya ukutani mbele ya kamera,
ile ya Baba, ya stesheni, yenye ufa kwenye kioo,
halafu nikampigia Kalunde simu ya kawaida:
"Wewe huko Gungu, mshale mwekundu uko wapi?"
"Kwenye tatu."
Hapa Cheyo umeshapita tano.

Sekunde kumi na mbili kati ya Tabora na Kigoma.

Nilianzia kwenye waya, kama kila fundi.
Nimechomoa, nimepuliza, nimechomeka.
Nimezima ruta, nimehesabu hadi thelathini, nimewasha.
Nimembembeleza mlinzi wa kompyuta ampishe mgeni,
na Kalunde naye kambembeleza wa kwake.
Picha ikaja kwa vipande:
shavu la Baba, baadaye sikio,
kisha kile kiduara, kinazunguka, kinazunguka
kama mbuzi kwenye kamba fupi.

"Amekwama! Baba amekwama mdomo wazi!"
Na Baba hapa chafya yake ilishaisha,
anauliza kama kuna chai.

"Mzigo huo," akasema.
Miaka thelathini na moja alikuwa gadi wa treni ya Kigoma;
tangu apooze, maneno yake hutoka mojamoja, yamepimwa.
"Injini ikikohoa, ukishapita Kaliua,
hatukuitukana. Tulikata mabehewa.
Wewe unampelekea mtoto treni nzima."

Nikakata.
Kutoka elfu moja na themanini
hadi mia saba ishirini. Ikagoma.
Mia tatu sitini.
Ikatembea.

Uso wa Baba ukawa uji, hauna kunyanzi hata moja.
"Mbona amekuwa kijana?" Kalunde akauliza,
nami sikumsahihisha.

Zile sekunde lakini hazikuondoka.
Baba akanyanyua mkono wa kulia, uliobaki na nguvu,
akaupunga kama wenye bendera ya kijani,
ukamchoka, akaurudisha pajani.
Kwenye simu, kimya.
Mshale mwekundu ukatoka saba,
ukapita nane,
ukagusa tisa, ukazidi kidogo,

"Ananipungia! Yusta, acha vyombo, njoo, ananipungia!"

Baba akaitazama simu, akautazama mkono wake
ulivyolala.
"Imefika Kigoma?"
"Imefika, Baba."
"Imechelewa?"
"Kidogo."
"Sisi tulikaa Nguruka siku mbili," akasema.
"Watu wakashuka, wakapika."
Halafu akaulizia tena ile chai.