Mfupa wa Darasa la Nne

Niliukuta stoo, nyuma ya ramani zilizokunjwa,
chini ya madaftari ya mahudhurio yaliyoliwa na mchwa:
taya la ng'ombe, kamba ya katani bado imepita tunduni,
kamba inang'aa kwa jasho la shingo nyingi.

Moja ya shingo hizo ni yangu.

Paidha, mwaka ule mvua zilichelewa.
Nilisema *pii*.
Maji, kwa kinywa cha mama.
Sikutukana, sikuiba.
Niliona kiu, na kiu yangu ilikuwa bado haijajua Kiingereza.
Jakisa, aliyeuvaa tangu asubuhi,
akaruka kwa furaha, akanivika.

Ndivyo ulivyofanya kazi. Haukumhitaji mwalimu.
Tulikuwa askari wa midomo yetu wenyewe,
tukiviziana nyuma ya choo,
tukimchokoza mgonjwa ili aguguse kwa lugha yake.
Aliyekutwa nao jioni alikula viboko vinne,
na cha tano cha kusema asante.

Mwisho wa mwaka tulipangwa uwanjani kama mihogo ya kuuza,
mikubwa mbele.
Afoyorwoth, wa thelathini na tisa kati ya arobaini na mmoja.
Baba alikuwa amevaa koti lake la harusi.
Njia nzima hakunena. Aliikokota baiskeli asiipande,
kilomita sita,
nami nyuma nikikanyaga alama ya tairi.

Leo mwalimu ni mimi.
Vitabu vipya vimekuja, vina picha za watoto walioketi duara.
Tulikwenda semina Nebbi, siku mbili, soda na chapati na cheti.
Nikarudi, nikapanga madawati duara,
kisha nikasimama katikati ya duara
na fimbo.

Kuhamisha dawati ni kazi ya asubuhi moja.
Mkono huu ulifundishwa miaka saba.
Juzi nilimwuliza Munguriek kwa nini maji huchemka.
Akanisomea ubao kutoka kichwani, neno kwa neno,
pamoja na kosa langu la tahajia.
Nikampa kumi kwa kumi.

Basi nikaingia na mfupa darasani. Nilikuwa na hotuba.
Sikufika sentensi ya pili. Giramia akauliza:
"Huyu ng'ombe alikuwa na miaka mingapi?"

Sijui, nikasema.

Kimya kikashuka, kama siku ile upepo ulipoezua bati
tukabaki tunatazama mbingu.
Mwalimu hajui!
Halafu wakauvamia.
Wakahesabu mashimo ya meno, wakabishana, wakahesabu tena.
Mmoja akachomoka kwenda kwa bibi yake muuza dagaa, akaleta mizani:
gramu mia saba na arobaini.
Nilidhani ni zaidi. Shingoni ulikuwa zaidi.

Na Berocan, mwana wa mchinjaji,
ambaye hajanyoosha mkono tangu Februari,
akasimama akatueleza umri wa ng'ombe kwa meno yake,
lipi hutoka kwanza, lipi huchakaa,
kwa Kialur, kidole kikitembea juu ya taya
kama kidole cha mkaguzi juu ya hesabu za shule.
Sikumkatiza.
Tulipomaliza tukayatafutia maneno yake ndugu,
kwa Kiswahili, kwa Kiingereza. Mengine hayakupata.

Mwalimu mkuu akachungulia dirishani:
"Kelele gani hizi?"
"Hesabu," nikajibu.
Akakaa pale kidogo kuliko kawaida yake, au zaidi, sikumbuki.

Fimbo? Ipo nyuma ya mlango. Sitadanganya.
Jana, kipindi cha mwisho, joto limetanda, niliigusa.

Lakini kamba nimeikata.
Mfupa uko rafuni, kando ya sumaku na chupa ya mbegu,
na kibandiko alichokiandika Munguriek kwa lugha tatu.
Kuna kosa la tahajia.
Safari hii ni lake mwenyewe.